Bayomu za Dunia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Bayomu ni nini hasa?

Ni eneo kubwa la dunia ambalo mimea yake imechukua umbo linalofanana kwa sababu tabianchi yake inafanana. Neno la kushika hapo ni "umbo", si "aina". Msitu wa Amazon na msitu wa bonde la Kongo hazishiriki miti mingi, na wanyama wake ni tofauti. Lakini ukiingia ndani ya wowote kati ya hiyo miwili utakuta mambo yale yale: miti mirefu ya majani mapana ambayo haipukutiki yote kwa wakati mmoja, mashina yaliyotanuka chini kama mbao zilizosimamishwa ubavuni, kiza ardhini, na mimea iliyoota juu ya matawi bila kugusa udongo. Joto na mvua vimeifyatua misitu yote miwili kwa kalibu moja.

Neno lenyewe lilianza kutumiwa na mwanaekolojia Mmarekani Frederic Clements mwaka 1916.

Ina tofauti gani na mfumo ikolojia, au na makazi?

Makazi ni mahali anapoishi kiumbe fulani: gogo linalooza ni makazi ya mbawakawa. Mfumo ikolojia, dhana iliyoletwa na Mwingereza Arthur Tansley mwaka 1935, ni viumbe pamoja na maji, udongo na hewa vinavyowazunguka, wakila na kuliwa, na unaweza kuwa mdogo kama dimbwi. Bayomu hukusanya maelfu ya mifumo hiyo chini ya jina moja. Ndiyo maana kusema "bayomu ya Serengeti" ni kosa. Serengeti ni mfumo ikolojia, na bayomu yake ni savana, ile ile iliyopo pia Brazili na kaskazini mwa Australia.

Ziko ngapi?

Vitabu vya shule hutaja tano, sita au nane. Ramani iliyotolewa na wataalamu wa WWF, shirika la kimataifa la uhifadhi, mwaka 2001 ina bayomu 14 za nchi kavu, zilizogawanywa katika kanda-ikolojia 867. Hakuna aliyekosea. Mmoja ameweka misitu yote ya kitropiki kapu moja, mwingine ametenga ile yenye kiangazi kirefu, mwingine ameiondoa mikoko na kuipa jina lake. Ukikuta idadi, uliza kwanza mwandishi ametenganisha kwa kigezo gani. Idadi bila kigezo haikusaidii kitu.

Kwa nini majangwa mengi yako karibu na latitudo ya 30, kaskazini na kusini?

Kwa sababu ya safari ya hewa. Jua la utosini huipasha joto hewa ya ikweta, nayo hupanda. Ikipanda hupoa, na hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke mwingi, hivyo mvua hunyesha hapo hapo: hiyo ndiyo misitu ya mvua. Hewa ile, sasa imekauka, husukumwa kuelekea kaskazini na kusini, kisha hushuka kati ya latitudo ya 20 na 30. Hewa inayoshuka hupata joto na kuzidi kuwa kavu, mawingu hayajengeki. Sahara, Uarabuni, Kalahari na majangwa ya Australia yote yako chini ya hewa hiyo.

Kuna sababu nyingine mbili zinazoweza kuleta jangwa hata mahali pasipotarajiwa. Ya kwanza ni mlima: upepo hutua mzigo wake wa mvua upande mmoja na kufika upande wa pili mikono mitupu, kama inavyotokea Patagonia, mashariki ya Andes. Ya pili ni mkondo baridi wa bahari. Atacama na Namib zinapakana na bahari, lakini maji baridi ya mikondo ya Humboldt na Benguela huipoza hewa ya chini isiweze kupanda. Kinachopatikana ni ukungu, mvua hakuna.

Nitajuaje mahali fulani pako katika bayomu gani?

Utahitaji jedwali la wastani wa joto na mvua kwa kila mwezi, uliokokotolewa kwa miaka 30. Mwaka mmoja haufai, maana unaweza kuwa wa ukame au wa mafuriko. Kisha fanya hivi:

1. Chukua wastani wa joto wa kila mwezi kwa nyuzi za Selsiasi, uzidishe kwa 2. Mwezi ambao mvua yake kwa milimita ni chini ya jibu hilo, uhesabu kuwa mkavu. Mwezi wa nyuzi 25 unahitaji angalau milimita 50.
2. Hesabu miezi mikavu, na utazame imeangukia wakati gani: wa joto au wa baridi?
3. Tazama mwezi wenye joto zaidi. Ukiwa chini ya nyuzi 10, miti haiwezi kuwa msitu, na uko kwenye tundra (nyanda za baridi zisizo na miti) au juu ya mstari wa miti mlimani, yaani kimo ambacho miti haikivuki.
4. Tazama mwezi wenye baridi zaidi. Pale ambapo maji huganda, mimea mingi ya kitropiki haipo.
5. Ndipo utazame jumla ya mvua ya mwaka.

Jumla tumeiweka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa hiyo ndiyo inayowapotosha watu wengi. Chukua vituo viwili vya kubuni, vyote vina nyuzi 25 mwaka mzima na vyote vinapata milimita 1,200. Cha kwanza kinapata milimita 100 kila mwezi: hakina hata mwezi mmoja mkavu, na bila moto wala shoka kitakuwa msitu usiopukutika. Cha pili kinapata milimita 220 kwa miezi mitano mfululizo, jumla 1,100, na zile 100 zilizobaki zinagawanywa miezi saba, kama 14 kwa mwezi. Hiyo ni miezi saba ya ukavu. Hapo utakuta savana au msitu unaoangusha majani wakati wa kiangazi. Jumla ni ile ile, mandhari hayafanani hata kidogo.

Joto nalo hubadilisha thamani ya mvua. Milimita 500 mahali penye wastani wa nyuzi 2 zinatosha msitu wa misonobari, kwa sababu maji hayavukizwi haraka. Milimita hizo hizo mahali penye nyuzi 27 ni vichaka vya miiba.

Nimefuata hatua hizo lakini ninachokiona hakilingani na jibu. Nimekosea wapi?

Kosa la kawaida ni kutumia takwimu za kituo kilicho bondeni kwa mahali palipo mlimani. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, hivyo kituo kilicho mita 1,500 chini yako kinakudanganya kwa karibu nyuzi 10.

Kosa la pili ni kusoma mimea iliyopandwa. Shamba la mikaratusi halikuambii chochote kuhusu bayomu. Tafuta mabaki ya mimea ya asili: kingo za makaburi ya zamani, miteremko mikali isiyolimika, hifadhi.

Na wakati mwingine hujakosea. Udongo wenye chumvi, mwamba ulio karibu na uso wa ardhi, au bonde linalofurika kila mwaka vinaweza kuzuia miti hata pale mvua inapotosha. Kinyume chake, ukanda wa msitu kando ya mto hupenya katikati ya savana kwa kuwa mizizi yake inakunywa maji ya chini, si ya mawinguni.

Kama msitu wa mvua ni mnene kiasi kile, kwa nini udongo wake hauna rutuba?

Kwa sababu rutuba iko ndani ya miti. Mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa mamilioni ya miaka, imezisomba chumvi za madini kutoka kwenye udongo na kuacha oksidi za chuma na alumini. Ndiyo rangi ile nyekundu au manjano. Jani likianguka, kuvu, mchwa na bakteria hulimaliza kwa wiki chache au miezi michache, na mizizi iliyotandaa karibu kabisa na uso hunyakua virutubisho kabla havijazama. Fukua kwa mkono na utaona tabaka la majani yaliyooza ni jembamba mno, chini yake ni udongo wa mfinyanzi.

Ukikata na kuchoma, majivu hutoa mbolea ya ghafla. Mavuno ya kwanza ni mazuri, ya pili hupungua, na baada ya miaka miwili au mitatu shamba huchoka, magugu yakishika. Wakulima wa jadi walihama na kuuacha msitu urudi kwa miaka mingi. Tatizo linaanza pale muda wa kupumzisha ardhi unapofupishwa.

Chini ya miti mwanga unaofika ni asilimia 1 au 2 tu ya ule wa juu. Ndiyo maana msitu uliokomaa hupitika kwa miguu. Kichaka kisichopenyeka huota kandokando ya mito, barabara na mahali mti ulipoanguka.

Savana si msitu uliokatwa?

Si hivyo, na dhana hii imeleta hasara kubwa. Savana zilienea mamilioni ya miaka kabla binadamu hajashika shoka. Nyasi zake ni za kundi linalofanya usanisinuru vizuri sana kwenye joto na jua kali lakini linalokufa kivulini. Mvua ikiisha nyasi hukauka, radi au mtu huwasha moto, na miche ya miti inateketea kabla haijafikia kimo cha kuuvuka ule moto. Mti unaobaki una gome nene, au una hazina yake chini ya ardhi na huchipua upya. Katika Cerrado, savana ya Brazili, baadhi ya mimea ina mizizi mingi kuliko sehemu inayoonekana juu.

Katika hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, kuna vitalu vya majaribio ya moto vilivyoanzishwa mwaka 1954. Vingine huchomwa kila mwaka, vingine baada ya miaka kadhaa, vingine havichomwi kabisa. Kwenye sehemu zenye mvua zaidi, pasipochomwa miti hujaa. Kwenye sehemu kavu tofauti ni ndogo, kwa sababu huko maji ndiyo yanayozuia miti, si moto.

Kwa hiyo anayepanda msitu juu ya savana ya asili, hata kwa nia njema ya kufyonza kaboni, anaua nyasi na wanyama wanaozitegemea. Zaidi ya hapo miti hunywa maji mengi kuliko nyasi, na vijito vinaweza kupungua. Ukiona mradi wa namna hiyo, swali la kwanza ni: hapa palikuwa na msitu lini?

Jangwa lazima liwe na joto na mchanga?

Hapana, kwa yote mawili. Jangwa hupimwa kwa ukavu. Kipimo cha kawaida ni chini ya milimita 250 za mvua kwa mwaka. Kwa kipimo hicho jangwa kubwa kuliko yote ni Antaktika, kilomita za mraba milioni 14 hivi, ikifuatiwa na Aktiki. Sahara, yenye milioni 9 hivi, ni kubwa kuliko yote ya joto. Gobi huganda wakati wa baridi. Na ndani ya Sahara yenyewe matuta ya mchanga ni sehemu ndogo, kama robo au pungufu. Kwingine ni changarawe na miamba.

Usiku wa jangwani ni baridi kwa sababu hewa haina mvuke wala mawingu ya kuzuia joto la ardhi lisitoroke.

Mbona kuna dungusi kakati Afrika pia?

Nyingi ya zile unazoziona zimesimama kama mshumaa wa matawi si kakati, ni yuforbia, jamii ya mnyaa. Kakati za asili ni za Amerika, isipokuwa spishi moja inayoning'inia mitini ambayo ilifika pia Afrika na Sri Lanka. Dungusi wa kuliwa naye ni kakati, lakini aliletwa. Mimea hii ya koo mbili imefanana kwa sababu tatizo lilikuwa moja: hifadhi maji shinani, achana na majani, jilinde kwa miiba.

Kuitofautisha, tazama miiba. Ya kakati hutoka kwa mafungu kwenye kinundu kidogo chenye manyoya. Ya yuforbia mara nyingi huwa miwili miwili na haina kinundu hicho. Ukikwaruza shina, yuforbia hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na kakati karibu zote hutoa maji yasiyo na rangi. Usiuguse utomvu huo kisha ukafikicha macho: unaunguza, na unaweza kudhuru uwezo wa kuona.

"Bayomu ya Mediterania" ni ya bahari hiyo tu?

Ipo sehemu tano: kuzunguka bahari ya Mediterania, California, Chile ya kati, Rasi ya Afrika Kusini, na kusini-magharibi mwa Australia. Alama yake ni mvua kunyesha wakati wa baridi na kiangazi kuangukia wakati wa joto. Mimea hapo inapata maji wakati haina joto la kukulia, na inapata joto wakati maji yamekwisha. Jibu lake ni majani madogo, magumu, yenye mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayofanya moto uwe mkali. Baadhi ya mimea ya Rasi hushikilia mbegu zake ndani ya vichwa vya mbegu vilivyofungwa kwa miaka mingi hadi moto upite.

Kwa nini nyika za nyasi za kanda za wastani zimelimwa karibu zote?

Kwa ajili ya udongo. Prairi za Amerika Kaskazini, stepi za Ukraini na Urusi na pampasi za Argentina zina nyasi ambazo mizizi yake inaweza kupita mita 2. Kila mwaka sehemu ya mizizi hufa, na kwa kuwa baridi huchelewesha kuoza na mvua haitoshi kusomba rutuba, mboji hurundikana. Udongo mweusi wa stepi unaweza kuwa na kina cha mita 1. Ulinganishe na ule wa msitu wa mvua.

Lakini mizizi hiyo ndiyo iliyokuwa inaushika. Katika miaka ya 1930 kwenye nyanda za Marekani, ardhi iliyokwisha kupinduliwa kwa plau ilipatwa na ukame mfululizo, na upepo ukaubeba udongo kwa vumbi lililofika hadi miji ya pwani ya mashariki.

Na misitu inayopukutisha majani wakati wa baridi?

Iko mashariki mwa Marekani, Ulaya na Asia ya mashariki, penye majira manne na mvua ya milimita 750 hadi 1,500. Jani pana likiganda hupasuka, na maji yaliyoganda ardhini hayanyweki. Kwa hiyo mti huvuna klorofili yake, huziba kikonyo, na kuliangusha. Maua ya chini huwahi kuchanua mapema, kabla dari ya majani haijafunga.

Taiga na tundra zinatofautianaje?

Miti. Taiga ni msitu wa misonobari na jamaa zake unaozunguka kaskazini ya dunia kupitia Kanada, Skandinavia na Urusi, na ni moja ya bayomu kubwa zaidi za msitu. Majani ya sindano yenye nta hayapotezi maji, na umbo la mti lililochongoka juu hutelezesha theluji. Siberia ya mashariki hata sindano hazitoshi: mti wa huko, lachi, huziangusha zote. Oymyakon, kijiji cha ukanda huo, kilipimwa nyuzi 67.7 chini ya sifuri mwaka 1933.

Tundra iko kaskazini zaidi. Chini yake ardhi imeganda mwaka mzima, na wakati wa joto tabaka la juu tu huyeyuka, kama sentimita 30 hadi mita 1 ikitegemea mahali. Mvua na theluji ni kidogo kama za jangwani, lakini ukitembea viatu vinazama, maana maji hayana pa kupenya. Nyumba hujengwa juu ya nguzo ili hewa baridi ipite chini ya sakafu; ikijengwa moja kwa moja juu ya ardhi, joto lake huyeyusha barafu, ardhi hudidimia upande mmoja, na kuta hupasuka.

Milima iko katika bayomu gani?

Katika kadhaa, moja juu ya nyingine. Kilimanjaro, yenye mita 5,895, ina savana chini, msitu kiunoni, kisha vichaka, jangwa la mawe, na barafu kileleni. Lakini usiifananishe sehemu ya juu na tundra ya Aktiki kwa kila jambo. Kwenye ikweta hakuna majira ya baridi: mimea hugandishwa usiku na kuyeyushwa mchana, siku zote za mwaka. Ndiyo maana milima ya Afrika Mashariki na ya Andes, bila undugu wa karibu, yote ina mimea mikubwa yenye shina lililovikwa majani makavu kama blanketi.

Bahari na maziwa ni bayomu?

Ndiyo, ila kipimo cha mvua hakifanyi kazi. Majini kinachoamua ni mwanga, chumvi, kina na mwendo wa maji. Bahari inafunika asilimia 71 ya uso wa dunia, na wastani wa kina chake ni kama mita 3,700, ilhali mwanga wa kutosha usanisinuru haupiti mita 200. Sehemu kubwa ya bahari, basi, ni giza linaloishi kwa makombo yanayoanguka kutoka juu. Isipokuwa kwenye chemchemi za moto za sakafuni, zilizogunduliwa mwaka 1977 karibu na Galápagos, ambako bakteria hutengeneza chakula kwa kemikali bila jua.

Maji ya kitropiki yenye buluu safi huonekana yamejaa uhai, kumbe mengi ni kama jangwa: ni safi kwa sababu hayana virutubisho vya kulisha planktoni, viumbe vidogo vinavyoelea majini. Matumbawe huishi humo kwa kulea mwani ndani ya miili yao. Joto la maji likizidi kiwango cha juu cha kawaida cha msimu wa joto kwa nyuzi 1 kwa wiki kadhaa, huutema ule mwani na kupauka. Joto likishuka mapema wanaweza kupona. Likiendelea, hufa kwa njaa.

Bayomu zinahama tabianchi inapobadilika?

Zinahama, ila si kama gari moja. Vichaka vinapanda kaskazini ndani ya tundra, na mstari wa miti unapanda kwenye milima mingi. Katika savana nyingi vichaka vinaongezeka, na moja ya sababu ni kaboni dioksaidi: hewa yenye gesi hiyo nyingi husaidia miche ya miti ikue haraka na kuuvuka moto. Kila kiumbe hata hivyo husafiri kwa mwendo wake. Ndege hufika kesho, mti unaotegemea mbegu nzito hufika baada ya vizazi, na udongo hauhami kabisa. Anayeishi kileleni hana pa kupanda.

Ramani ya bayomu inaonyesha msitu mahali ambapo leo ni mji. Imepitwa na wakati?

Ramani nyingi huonyesha kile ambacho tabianchi ingekijenga, si kilichopo. Kwa kilichopo, tafuta ramani za bayomu za binadamu; Erle Ellis na Navin Ramankutty walichapisha mfumo wa aina hiyo mwaka 2008, wenye makundi kama makazi yaliyosongamana, mashamba na malisho. Kwa kuchagua mti wa kurudisha mahali palipofyekwa, tumia ramani ya kwanza. Kwa kukadiria nani anaishi hapo sasa, tumia ya pili.